Mama Daktari na Wauguzi wa Kiunga: Maisha ya Anne Spoerry (1918–1999)

Utangulizi

Kiunga ni kijiji cha Wabajuni kilichoko kwenye ukingo wa bara, kaskazini mwa visiwa vya Lamu, karibu kabisa na mpaka wa Kenya na Somalia. Mbele yake kuna mlolongo wa visiwa vidogo na matumbawe ambayo serikali ya Kenya iliyatangaza kuwa hifadhi ya bahari mwaka wa 1979. Nyuma yake kuna msitu wa Boni. Wanafunzi wa isimu hukifahamu kijiji hiki kwa sababu ya Kitikuu, lahaja ya Wabajuni. Wahudumu wa afya nao hukifahamu kwa sababu nyingine, yaani umbali wake. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka, mashua ya kwenda Lamu huwa safari ya hatari. Wakati wa masika, njia ya msituni haipitiki. Mgonjwa mahututi wa Kiunga amekuwa daima mateka wa upepo na mvua.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20, jina moja la tabibu lilivuma katika mwambao huu na katika nyika zote za kaskazini mwa Kenya, nalo ni Mama Daktari. Mwenye jina alikuwa Anne Spoerry, mwanamke wa Kizungu aliyeendesha ndege yake mwenyewe na kutibu watu mahali ambapo daktari hakuwa amewahi kukaa. Mengi yameandikwa juu ya ujasiri wake. Machache yameandikwa juu ya watu waliobaki pale ndege yake iliporuka, yaani wauguzi na wakunga wa zahanati. Makala haya yanasimulia maisha ya Spoerry, pamoja na sehemu yake yenye giza, na kuonyesha kwamba maisha hayo hayaeleweki vyema bila ya kuitazama kazi ya muuguzi na elimu anayostahili kupewa.

Asili, masomo na vita

Anne Spoerry alizaliwa tarehe 13 Mei 1918 katika mji wa Cannes, kusini mwa Ufaransa. Familia yake ilikuwa na asili ya Uswisi na utajiri uliotokana na viwanda vya nguo katika eneo la Mulhouse. Kaka yake, François Spoerry, alikuja kuwa msanifu majengo mashuhuri aliyebuni mji wa Port Grimaud. Anne alisoma kwa muda nchini Uingereza, kisha akaingia chuoni mjini Paris kusomea udaktari.

Wajerumani walipoiteka Ufaransa mwaka wa 1940, Anne na kaka yake walijiunga na harakati za siri za ukombozi. Mwaka wa 1943 alikamatwa, akafungwa katika gereza la Fresnes, na mwanzoni mwa mwaka wa 1944 akapelekwa Ravensbrück, kambi ya wanawake iliyokuwa kaskazini mwa Berlin. Zaidi ya wanawake laki moja walipitia kambi hiyo, na maelfu kwa maelfu hawakutoka hai. Spoerry alikuwa na umri wa miaka 25. Hakuwa amehitimu udaktari, lakini ndani ya kambi alichukuliwa kuwa daktari na akakabidhiwa kazi za udaktari.

Hapo ndipo lilipo doa la maisha yake. Katika bweni namba 10, walimowekwa wagonjwa wa kifua kikuu na wanawake waliorukwa na akili, Spoerry aliangukia chini ya mamlaka ya Carmen Mory, mfungwa wa Kiswisi aliyekuwa msimamizi wa bweni na aliyeogopwa kwa ukatili. Wafungwa walionusurika walitoa ushahidi kwamba Spoerry, aliyejulikana kwa jina la Claude, alishiriki katika kuwatesa wagonjwa na hata kuwadunga sindano za kuua. Baadhi ya mashahidi walieleza pia kwamba alipohamishwa bweni na kuondokana na Mory, aliwahudumia wagonjwa kwa huruma na kuwaokoa baadhi yao. Ushahidi wa pande zote mbili umo katika kumbukumbu za vita hivyo, na upande mmoja hauufuti mwingine.

Baada ya vita, mahakama ya Waingereza iliketi Hamburg kuanzia Desemba 1946 hadi Februari 1947 kuwahukumu watumishi wa Ravensbrück. Mory alihukumiwa kifo, naye akajiua mwezi wa Aprili 1947 kabla ya kunyongwa. Spoerry hakuwa miongoni mwa washtakiwa wa Hamburg. Tuhuma zake zilichunguzwa Ufaransa na Uswisi, na ingawa hazikuishia kifungoni, zilimfungia mlango wa maisha ya heshima katika nchi aliyozaliwa. Alijifunza tiba ya maradhi ya nchi za joto mjini Basel, kisha mwaka wa 1948 akaondoka Ulaya. Alifanya kazi kwa muda Aden, na kutoka huko akavuka kuja Kenya.

Kutoka Ol Kalou hadi angani

Spoerry aliwasili Kenya yapata mwaka wa 1950. Alikaa Ol Kalou, katika nyanda za juu za walowezi, akiwa daktari wa mashambani na mkulima kwa wakati mmoja. Kenya ilipojinyakulia uhuru mwaka wa 1963 na mashamba ya walowezi yakaanza kugawiwa wananchi, wengi wa wagonjwa wake wa Kizungu waliondoka. Yeye alibaki, akahamia Subukia. Akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, alijifunza kuendesha ndege.

Wakati huo tayari palikuwa na shirika lililohitaji mtu wa namna yake. Mwaka wa 1957 madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walikuwa wameasisi huduma ya madaktari wa angani, ambayo baadaye ilijulikana kama AMREF, yenye makao katika uwanja wa Wilson jijini Nairobi. Fikira yao ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kutekeleza: mgonjwa akishindwa kumfikia daktari, daktari amfikie mgonjwa. Spoerry alijiunga nao mwaka wa 1964. Kwa miaka 35 hivi iliyofuata, aliruka na ndege ndogo ya injini moja aina ya Piper, akizunguka Marsabit, pande za Ziwa Turkana na mwambao wa Lamu. Madaktari wenzake wengi walikuwa wapasuaji waliokwenda hospitalini. Yeye alikwenda kwenye zahanati na mahali pasipokuwa na jengo lolote, akatibu chini ya mti au chini ya ubawa wa ndege. Alidunga chanjo, akang'oa meno, akapima wajawazito na kuwaingiza ndegeni wale ambao hali zao zilihitaji hospitali.

Mwambao wa Lamu

Spoerry aliipenda Lamu kuliko vituo vyake vingine. Alijipatia nyumba Shela, na kutoka hapo aliweza kuvifikia visiwa na vijiji vya bara kwa safari fupi za ndege. Kiunga ilikuwa ncha ya mzunguko huo. Eneo hili lilikuwa limejeruhiwa na vita vya Shifta vya miaka ya 1960, ambapo vijiji kadhaa vya Wabajuni karibu na mpaka vilihamwa, watu wakakimbilia Pate, Lamu, Malindi na Mombasa. Waliobaki au waliorejea walikuta huduma za serikali zimekuwa haba zaidi kuliko hapo awali.

Katika mazingira hayo, ndege ilikuwa tukio. Rubani wa kiwanja cha mchanga na nyasi huzunguka kwanza juu yake ili kuangalia upepo na kuwaondoa mifugo, na mzunguko huo peke yake huwa mbiu ya mgambo. Watu walitoka majumbani, mama wakiwa na watoto mgongoni, wavuvi wakiwa na vidonda vilivyochomwa na miba ya samaki. Jina la Mama Daktari halikutoka chuoni wala serikalini. Lilitoka kwa umati huo. Katika utamaduni wa Waswahili, neno mama halimaanishi mzazi tu, bali pia mwanamke anayestahili heshima kwa sababu anabeba mzigo wa wengine. Kwa mtu aliyekuwa amepoteza jina lake zuri kwao, jina hilo lilikuwa na uzito ambao wale waliompa hawakuujua.

Ndege iliporuka

Hata hivyo, hesabu ya saa ina ukweli wake. Daktari mwenye eneo lililoanzia Ziwa Turkana hadi Bahari ya Hindi hukaa katika kituo kimoja saa chache, kisha huondoka, na huenda asirejee ila baada ya majuma kadhaa. Siku zilizobaki zilikuwa za muuguzi. Yapo mambo manne ambayo bila yeye ziara ya ndege isingalikuwa na maana.

La kwanza ni uchaguzi wa wagonjwa. Mia wakijitokeza na saa zikiwa tatu, lazima awepo mtu aliyekwisha kuwapima, akajua ni homa ipi itakayotulia kwa dawa iliyopo na ni ipi inayohitaji jicho la daktari. Uchaguzi huo ni uamuzi wa kitabibu, na muuguzi wa zahanati ndiye aliyeufanya, ingawa cheo chake hakikumruhusu kuuita hivyo.

La pili ni redio. AMREF ilisambaza vyombo vya redio katika vituo vya mbali ili muuguzi aweze kuzungumza na daktari aliyeko Nairobi. Daktari wa redioni haoni wala hagusi. Humtegemea kabisa aliye kando ya mgonjwa: amehesabu pumzi ngapi kwa dakika, tumbo ni gumu au laini, mtoto tumboni amekaaje. Ubora wa shauri la daktari hauwezi kuupita ubora wa uchunguzi wa muuguzi.

La tatu ni chanjo. Chanjo nyingi za watoto huharibika zisipohifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Kenya ilianzisha mpango wake wa taifa wa chanjo mwaka wa 1980, na katika vituo visivyo na umeme ufanisi wa mpango huo ulitegemea jokofu la mafuta ya taa na mtu aliyekumbuka kusafisha utambi wake. Ndege iliweza kuleta chanjo, lakini haikuweza kurudi mara ya pili na ya tatu kumdunga mtoto yule yule kwa tarehe inayotakiwa. Daftari la zahanati na mwenye kuliandika ndio waliokamilisha kinga.

La nne, na zito kuliko yote, ni uzazi. Uchungu hausubiri ratiba ya ndege. Mama akitokwa na damu nyingi usiku wa kusi, hakuna kiwanja kinachotua ndege wala nahodha anayethubutu kuvuka. Mkunga ndiye anayeamua kama ataitoa kondo la nyuma kwa mkono, atampa dawa gani, na alfajiri atamsafirisha kwa chombo gani. Hapo elimu ya mkunga ndiyo mpaka baina ya uhai na kaburi.

Elimu na cheo cha muuguzi

Wakati Spoerry anaanza kuruka, ulimwengu wa uuguzi ulikuwa katika mageuzi. Mwaka wa 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya kumwezesha muuguzi kupima, kutambua ugonjwa na kutibu kwa mamlaka yake mwenyewe. Chanzo cha wazo hilo kilikuwa upungufu wa madaktari wa watoto katika maeneo ya mashambani, yaani tatizo lile lile la Kiunga. Kutokana na mbegu hiyo ilikua kada ya wauguzi wabobezi wenye shahada za uzamili na uzamivu. Mwaka wa 2002 Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilitoa maelezo rasmi ya muuguzi wa namna hiyo: aliyejipatia ujuzi wa kitaalamu, uwezo wa kuamua mambo magumu na umahiri wa kitabibu unaopita ule wa kawaida, na ambaye inapendekezwa awe na shahada ya uzamili.

Kenya nayo haikulala. Mwaka wa 1968 mafunzo ya stashahada ya juu ya uuguzi yalianzishwa chuoni Nairobi, na katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kutoa shahada ya kwanza ya uuguzi. Sheria ya Wauguzi ya mwaka wa 1983 iliunda Baraza la Wauguzi la kusimamia usajili na mafunzo. Mwanzoni mwa karne ya 21 Chuo Kikuu cha Aga Khan kilileta Afrika Mashariki mafunzo ya kuwaendeleza wauguzi waliokwisha kuajiriwa.

Swali linalozuka ni hili: muuguzi mwenye shahada ya uzamili ana kazi gani kijijini? Yapo maoni kwamba elimu ya juu humtoa muuguzi kitandani na kumpeleka ofisini, na kwamba kijiji hakihitaji msomi bali mikono. Maoni hayo yana chembe ya ukweli, kwa kuwa wasomi wengi wa uuguzi hubaki mijini wakifundisha au kusimamia, na wengine huvuka bahari kutafuta ujira. Lakini mambo manne yaliyotajwa hapo juu yanayapinga. Muuguzi wa hospitali kuu amezungukwa na madaktari. Akikosea, yupo wa kumrekebisha. Muuguzi wa Kiunga yuko peke yake. Ikiwa kuna mahali panapohitaji mtu aliyesoma hadi ngazi ya kuamua mambo magumu, ni pale pasipo na mwingine wa kuamua.

Fauka ya hayo, elimu ya juu huongeza majukumu mengine yasiyokuwamo katika mafunzo ya kawaida. Muuguzi mbobezi hulisoma daftari la zahanati kama mtafiti: akiona homa zinapanda kila baada ya mvua fulani, au kina mama wa kijiji kimoja wanafika wakiwa wamechelewa, huuliza kwa nini na kutafuta jibu. Hufundisha wenzake na kushirikiana na wakunga wa jadi bila ya kuwadharau. Huandaa miongozo ya kumpeleka mgonjwa rufaani inayozingatia majira ya kusi na kaskazi, jambo ambalo mwongozo uliotungwa Nairobi hauwezi kulijua. Kadhalika, huwa na sauti mbele ya wenye bajeti. Tangu mwaka wa 2013, huduma nyingi za afya zilipokabidhiwa serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya mwaka wa 2010, sauti hiyo imekuwa na mahali pa karibu zaidi pa kusikika.

Kifo, siri na hukumu

Anne Spoerry alifariki dunia Nairobi tarehe 2 Februari 1999, majuma machache tu baada ya kaka yake François. Alikuwa na umri wa miaka 80. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka wa 1994 na kwa Kiingereza mwaka wa 1996, alieleza kwa kirefu ndege, nyika na wagonjwa, lakini Ravensbrück aliipita kwa haraka. Rafiki zake walijua kwamba lilikuwa jambo lisiloulizwa. Mwaka wa 2018 mwandishi John Heminway, aliyemjua na kuruka naye, alichapisha kitabu kilichofukua kumbukumbu za kambi na kuziweka wazi.

Wapo waliosema kwamba maelfu ya watu aliowatibu kwa miaka 35 yanatosha kulipa deni. Wapo waliosema kwamba waliouawa hawalipwi kwa uhai wa wengine. Hukumu ya mwisho haiko mikononi mwa wasomaji wa jarida. Lakini liko funzo moja linalohusu taaluma. Huko Ravensbrück Spoerry alivaa cheo cha daktari kabla ya kuhitimu, chini ya mamlaka isiyokuwa na sheria, bila ya baraza la kumwuliza wala mgonjwa wa kumshtaki. Mwambaoni Lamu mambo yalikuwa kinyume: wauguzi walifanya kazi ya daktari bila ya cheo, bila ya mshahara wa cheo hicho, na mara nyingi bila ya kinga ya kisheria pale mambo yalipoharibika. Hali zote mbili zinaonyesha kwamba cheo, elimu na uwajibikaji havifai kutenganishwa. Cheo kisichokuwa na elimu wala maadili huua. Elimu na kazi zisizokuwa na cheo humwacha mhudumu mpweke na mgonjwa bila ya mtetezi.

Hitimisho

Lugha ya Kiswahili ina mafunzo yake katika suala hili. Daktari ni neno la mkopo. Tabibu lilitoka Uarabuni. Muuguzi ni neno letu, limetokana na kitenzi kuuguza, nacho kimezaliwa na kuugua. Ndani ya neno hilo mgonjwa na anayemtunza hushiriki mzizi mmoja. Huenda ndiyo maana wazee huona kwamba kuuguza ni kukaa, kukesha na kungoja pamoja na mgonjwa, si kumtembelea tu.

Baada ya kifo cha Spoerry, Kiunga imepitia misukosuko mingine. Mashambulizi kutoka ng'ambo ya mpaka na operesheni ya usalama iliyoanza katika msitu wa Boni mwaka wa 2015 yalitatiza safari, na zahanati kadhaa za wadi jirani ya Basuba zilifungwa kwa muda mrefu kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Hapo ilidhihirika upya kwamba tiba inayotegemea mgeni, hata awe shujaa kiasi gani, huondoka na mgeni.

Mama Daktari aliwafikia watu ambao serikali haikuwafikia, na hilo ni lake. Ravensbrück nayo ni yake. Deni lililobaki ni la walio hai. Ni kumwandaa binti au kijana wa Kibajuni, Mswahili wa Pate au Mboni wa Mararani, asome uuguzi hadi ngazi ya juu kabisa, apewe cheo na ujira unaolingana na elimu hiyo, kisha apate sababu ya kurudi na kukaa. Siku atakapokuwapo mtu huyo, mama mwenye uchungu usiku wa kusi hatahitaji kuisikiliza anga.